Bandari, deni na vita vya mbali: kuzungumza barazani bila kuvunjiana heshima

Swali: Sisi ni watu kumi na wawili hivi, tunakutana kila Ijumaa baada ya Isha kwenye baraza la mtaani kwetu, Mombasa. Kahawa ipo, tende zipo, udugu upo. Lakini mazungumzo yakigusa deni la taifa, Wachina au vita vya Ukraine, sauti zinapanda. Mwezi uliopita mmoja alisema bandari imewekwa rehani kwa China, mwenzake akamwita muongo mbele ya watu, na mpaka leo hawasalimiani. Wengine wanataka tupige marufuku siasa. Mimi sitaki. Tufanyeje?

Jibu: Usikubali marufuku hiyo, ndugu yangu. Bei ya mafuta, nauli, kazi za vijana bandarini, vyote hivyo ni siasa na uchumi. Mkivitoa barazani mtabaki na mpira, na watu watakwenda kuvizungumza pembeni, kila mmoja na wale wanaokubaliana naye. Hapo ndipo uongo unapokomaa. Ugomvi wenu una dawa, na nitaanza na hilo la bandari kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa linaloharibu mazungumzo ya aina hii.

Wawili hao wamegombana juu ya neno moja: rehani. Mnamo Mei 2014 serikali ya Kenya ilisaini mikopo miwili na Benki ya Exim ya China kwa ajili ya reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, mmoja wa dola bilioni 1.6 kwa riba nafuu ya asilimia 2, mwingine wa kibiashara wa dola bilioni 1.63 hivi. Mkopaji ni Hazina ya Kitaifa. Mwishoni mwa 2018 ikavuja barua ya wakaguzi wa hesabu za serikali iliyosema mali za Mamlaka ya Bandari, KPA, zimo hatarini kwa sababu kinga yake dhidi ya kushtakiwa imeondolewa. Barua hiyo ilipofika mitaani ikawa na maneno mafupi zaidi: bandari imewekwa rehani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichambua suala hilo wakahitimisha kwamba bandari haikuwekwa rehani na kwamba wakaguzi walikisoma vibaya kifungu cha kinga. Novemba mwaka huo huo Wizara ya Uchukuzi ikatoa hadharani baadhi ya mikataba.

Sasa tenganisheni mambo matatu ambayo mtaani hutiwa kapu moja. Rehani ni mali maalumu iliyotajwa kwenye mkataba, ambayo mkopeshaji anaishika usipolipa, kama shamba au nyumba iliyowekwa benki. Dhamana ni ahadi ya mtu wa pili kwamba mkopaji akishindwa, yeye atalipa. Kuondoa kinga ya dola ni jambo jingine kabisa: nchi inakubali kwamba inaweza kushtakiwa na kudaiwa kama mfanyabiashara mwingine. Kifungu hicho hakikubuniwa na China. Kimo pia katika hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, zinazouzwa London na New York.

Kwamba kifungu hicho kina meno, watu wa pwani watauelewa vizuri mfano wa meli. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, ilizuiwa bandarini Tema, Ghana, kwa ombi la mfuko wa uwekezaji uliokuwa ukiidai Argentina hatifungani zilizoshindwa kulipwa. Wenye mfuko walijenga hoja yao juu ya kinga ambayo Argentina ilikuwa imeiondoa katika masharti ya hatifungani hizo. Desemba hiyo hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliamuru meli iachiwe, kwa kuwa meli ya kivita ina kinga yake chini ya sheria za kimataifa. Kwa hiyo aliyesema hakuna hatari yoyote amekosea, na aliyesema bandari tayari ni ya Wachina naye amekosea.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na naomba mlisome pole pole. Katika mpango wa reli, KPA iliahidi kupeleka relini kiwango fulani cha shehena kila mwaka, na kikipungua ilipie pengo. Ahadi hiyo si rehani, ila ni mzigo, na Mombasa iliuhisi. Mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande reli, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye yadi na mama ntilie wa barabarani waliona riziki ikihama kwenda Nairobi na Naivasha, wakaandamana. Agizo la kurudisha huduma za kutoa mizigo Mombasa lilikuja Septemba 2022. Basi mtu anayesema barazani kwamba bandari imechukuliwa huenda amekosea neno la kisheria, lakini huenda pia anaeleza lililoikuta familia yake. Ukimjibu kwa kifungu cha mkataba peke yake, kwake ni kama umeikana njaa yake. Hapo hasira hupanda, na aliyejibu hushangaa, kwa kuwa anajua alichosema ni kweli.

Kwa hiyo kabla ya kanuni zozote za adabu, tengenezeni swali. Mazungumzo ya baraza huharibika mapema sana, pale mada inapokuwa neno tupu: deni, China, Marekani, Urusi. Kila mmoja hulijibu swali lililo kichwani mwake. Mmoja anajibu lililotokea, wa pili sababu yake, wa tatu kama ni haki, wa nne nani apigiwe kura, na wote wanadhani wanajibizana. Andikeni swali moja kwenye kipande cha karatasi, lenye neno linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Je, China inatunyonya?" halifai, hata malaika hawezi kulimaliza kwa usiku mmoja. "Je, mikataba ya 2014 inampa mkopeshaji haki ya kuichukua bandari ya Mombasa tusipolipa?" linafaa. Baada yake, Ijumaa nyingine: "Je, reli iliipunguzia Mombasa kazi, na zilikwenda wapi?" Na la tatu, linalohusu haki: "Ilikuwa sawa KPA kutoa ahadi ya shehena?" Mkiyapanga hivi, lililotokea kwanza, sababu yake halafu, haki mwisho, mtashangaa jinsi watu waliodhani wanapingana wanavyokubaliana kwenye mawili na kutofautiana kwenye moja tu.

Swali litangazwe Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa yenyewe, ili mtu apate nafasi ya kuuliza na kusoma. Wachagueni wawili kila wiki wa kutafuta karatasi, na ni vyema wawe wa misimamo miwili tofauti, watafute pamoja na kukubaliana kipi kiletwe. Kurasa mbili zinatosha. Chapisheni nakala nne kwa herufi kubwa, wazee wasome bila taabu, na mtu mwenye sauti nzuri asome kwanza dakika tano bila kuongeza maoni. Kama kifungu ni cha Kiingereza cha kisheria, wawili hao wakubaliane tafsiri mapema. Wakishindwa kukubaliana, wasome tafsiri zote mbili. Sauti za WhatsApp zisizo na jina wala tarehe hazihesabiwi kuwa karatasi. Wala video iliyokatwa.

Karatasi zenyewe zipo, tena bure. Hazina ya Kitaifa hutoa ripoti ya mwaka ya usimamizi wa deni la umma. Benki Kuu ya Kenya hutoa taarifa ya kila wiki yenye viwango vya kubadilisha fedha na akiba ya dola. Shirika la takwimu, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei mwisho wa kila mwezi. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, pamoja na mchanganuo wa kila lita: gharama ya mafuta yakifika, faida ya wauzaji, na kodi na tozo moja moja. Mchanganuo huo ni karatasi bora kuliko zote kwa kikundi kinachoanza, kwa sababu kila mtu ana bei ya mafuta mfukoni mwake.

Chukueni mfano huu mjaribu. Mtu anasema: "Petroli ilipanda Julai 2023 kwa sababu ya vita vya Ukraine." Mwingine anasema: "Ni serikali." Wekeni mchanganuo wa katikati ya 2022 kando ya ule wa Julai 2023. Juni 2022 pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake hutumika kama kipimo cha soko la dunia, lilipita dola 120. Mwanzoni mwa Julai 2023 lilikuwa chini ya dola 80. Basi soko la dunia lilikuwa limeshuka. Lakini dola moja, iliyokuwa shilingi 117 hivi katikati ya 2022, ilikuwa imefika kama 140, kwa hiyo pipa lililogharimu dola pungufu kuliko awali lilihitaji shilingi nyingi zaidi kwa kila dola. Na tarehe 1 Julai 2023 VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Sababu tatu, moja ikivuta chini na mbili zikivuta juu. Hapo mzee wa Ukraine na kijana wa serikali wote wawili wana kazi ya kufanya: kupima, badala ya kuchagua upande. Ni saa nzima ya mazungumzo matamu, na hakuna aliyetukanwa.

Tarakimu zina mitego yake, na mingi ya ugomvi wa deni huzaliwa humo. Tarakimu yoyote ikitajwa, msemaji aseme ni ya nini, ya lini, kwa kipimo gani, na inalinganishwa na nini. Akishindwa, isitumiwe usiku huo, bila kumdhihaki.

Mtego wa kwanza ni shilingi na dola. Mkopo wa dola bilioni 1 ni shilingi bilioni 130 dola ikiwa 130, na bilioni 160 ikiwa 160. Deni limeongezeka shilingi bilioni 30 bila mtu kukopa hata senti. Jambo hilo si la kufikirika: Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Anayesema deni liliongezeka na anayesema serikali haikukopa wanaweza wote kuwa wakweli.

Wa pili ni mfumuko wa bei. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 asilimia 2.7. Msomi wa baraza anasema hali imekuwa nafuu, mwenye familia anasema unga haujashuka, na wanaitana wajinga. Kitu cha shilingi 1,000 kikipanda asilimia 10 kinakuwa 1,100. Mwaka unaofuata kikipanda asilimia 3 kinakuwa 1,133. Kasi imepungua, bei imepanda. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi ya sigara ikibidi, muionyeshe, na ugomvi huo hautarudi tena.

Wa tatu ni mkopeshaji. Watu wengi wanaamini deni la Kenya ni la China. Zaidi ya nusu ya deni lote inadaiwa humu humu nchini, na benki zetu, mifuko ya pensheni na wengine wanaonunua hatifungani za serikali. Katika deni la nje, mkopeshaji mmoja mkubwa kuliko wote ni Benki ya Dunia. Hilo halimaanishi mikopo ya China ni midogo au ni mizuri. Kila mkopo upimwe kwa masharti yake. Yurobondi ya miaka kumi ya 2014, yaani hatifungani ya dola iliyouzwa nje, ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Ilipokaribia kuiva, Februari 2024 Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine sokoni kwa asilimia 9.75 ili kulipia sehemu kubwa ya ile ya zamani. Mkopo wa asilimia 2 wa miaka ishirini na huu wa asilimia 9.75 havilingani uzito hata vikiwa na kiasi kimoja cha dola. Ndiyo maana sheria ya 2023 iliweka ukomo wa deni kuwa asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, yaani malipo yote ya baadaye yakirudishwa kwenye thamani ya leo, badala ya ule ukomo wa zamani wa shilingi trilioni 10. Na mwananchi ana haki ya kuuliza swali jingine ambalo pato la taifa halijibu: katika kila shilingi 100 ya kodi inayokusanywa, ngapi zinakwenda kulipa deni kabla ya dawa hospitalini? Swali hilo lina karatasi yake pia, kwenye ripoti ile ile ya Hazina.

Mkija kwenye siasa za dunia, kosa kubwa ni kuigeuza nchi kuwa mtu mmoja mwenye mapenzi na chuki. Mtu husema Tanzania inaiunga mkono Urusi. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya uvamizi wa Ukraine: nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kujizuia si kuunga mkono uvamizi, wala si kuupinga, na nchi hujizuia kwa sababu mbalimbali: historia ya kutofungamana na upande wowote, uhusiano wa zamani wa kijeshi au wa ukombozi, biashara, au kutotaka kumkera mkubwa. Anayetaka kusema ni sababu ipi, alete ushahidi wa sababu hiyo. Kura peke yake haimwambii.

Kwa vita vyovyote, vya Ukraine, vya Gaza, vya Kongo mashariki, tumieni kanuni moja ngumu: kueleza sababu si kutetea. Mtu akisema kwa nini upande fulani ulifanya jambo, asiambiwe kwamba analitetea mpaka yeye mwenyewe aseme ni sawa. Kwa upande wake, anayeeleza sababu asikimbie akiulizwa kama anaona ni sawa. Na mbele ya watu wenye ndugu huko kwenye vita, waanze wao.

Upande wa utaratibu sitakaa sana, kwa kuwa mnajuana. Dakika tisini zinatosha. Zikizidi, anayechoka ndiye anayetukana. Mzunguko wa kwanza kila mtu ana dakika tatu, kwa watu kumi na wawili ni dakika thelathini na sita, bila kujibiwa. Katika mzunguko huo mtu aruhusiwe kusema lililomkuta yeye na nyumba yake, lori lililolala, duka lililofungwa, na lisipingwe. Huko ndiko uchungu unakopata nafasi yake kabla ya karatasi kuanza kazi. Mzunguko wa pili, anayetaka kumpinga mwenzake kwanza aseme upya hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aitikie, "Naam, ndivyo nilivyosema." Hili watu hulichukia wiki mbili za kwanza, huliona la kitoto. Msiliache. Nusu ya mabishano hufia hapo, kwa sababu mtu anagundua alikuwa akipigana na maneno ambayo hayakusemwa.

Mwenye zamu ya kuongoza asitoe maoni usiku huo. Akiwa na maoni mazito, ampe mwingine zamu. Simu zikae mfukoni hadi mwisho, kwa kuwa anayetafuta jibu mtandaoni katikati ya mazungumzo hupata la kwanza linalompendeza. Swali likikosa jibu, liandikwe lipewe mtu wa kulitafuta kwa wiki ijayo. Msipige kura mwishoni. Kura hutoa washindi, na aliyeshindwa Ijumaa atakuja Ijumaa ijayo na kisasi chake.

Maneno mawili mwongozaji ayakate papo hapo, kwa upole lakini bila kusita: "nyinyi watu wa…" na "wewe unalipwa na…". La kwanza linamtwika mtu kabila, dini au chama chote. La pili linadai kujua moyo wa mtu. Asihutubie. Aseme tu, "Rudi kwenye swali," akisoma kile kipande cha karatasi kwa sauti. Mkimwalika mtaalamu, mwalimu wa uchumi au mtu wa benki, mpeni dakika kumi na tano na swali lile lile, la sivyo baraza litageuka darasa na wazee wataacha kuja.

Wasiosalimiana sasa. Msiwapatanishe barazani. Aliyeitwa muongo mbele ya watu kumi hataki kusamehe mbele ya watu kumi, na aliyemwita atahisi anahukumiwa. Mzee mmoja wanayemheshimu wote amwendee kila mmoja nyumbani kwake, peke yake, amsikilize mpaka mwisho, na amwambie kila mmoja jambo moja ambalo mwenzake alikuwa sahihi: kwa aliyesema rehani, kwamba bandari haikuwekwa rehani, kwa aliyempinga, kwamba ahadi ya shehena ilikuwa kweli na iliumiza watu. Aombe neno "muongo" lirudishwe huko huko, faraghani. Kama wote wataridhia, wapeni hao wawili karatasi ya Ijumaa ya kwanza: watafute pamoja kifungu cha kinga na ile ahadi ya shehena, kisha yule wa rehani awasomee wenzake hoja ya asiyeamini rehani, na mwenzake asome hoja ya yule wa rehani. Mmoja akikataa, msimlazimishe. Anzeni na mchanganuo wa EPRA wa mwezi huu na wa mwaka jana, mumwekee kikombe chake mahali pake pa kila siku, na mzee arudi kwake baada ya wiki mbili.